Chuma cha Mbozi na Moto wa Nyota

Ndugu msomaji, shika jembe lako ulitazame. Mpini umetoka porini, hilo hata mtoto analijua. Lakini chuma chake kimetoka wapi? Utasema umekinunua dukani Mlowo au Vwawa. Mwenye duka atasema kimetoka kiwandani, na mwenye kiwanda atasema kimechimbwa ardhini. Wote wamesema kweli. Lakini ukiuliza tena, "Na ardhini kiliingiaje?", hapo wengi hunyamaza.

Leo tutalijibu swali hilo, na jibu litatupeleka mbali sana, mpaka ndani ya tumbo la nyota. Ninyi mnaokaa Ruanda na vijiji vingine vya Mbozi (nasema Ruanda hii ya mkoa wa Songwe, wala si ile nchi ya Kigali) mnayo bahati ambayo watu wengi hawana. Ushahidi wa habari hizi umelala karibu na kwenu, na mtu aweza kuugusa kwa mkono.

Mgeni wa Ndolezi

Katika kijiji cha Ndolezi, kwenye mteremko wa mlima Marengi, liko pande la chuma lenye urefu wa mita 3 hivi. Uzito wake hukadiriwa kuwa tani 16. Wenyeji walilijua tangu zamani, ila watu wa serikali na wa elimu walipata habari zake mwaka 1930, alipolifikia mpima ardhi mmoja aitwaye William Nott. Siku hizo ilionekana sehemu ya juu tu. Ndipo wakachimba udongo wa kilima pande zote, wakaacha nguzo ya udongo chini yake, na baadaye nguzo hiyo ikaimarishwa kwa saruji. Ndiyo maana leo utalikuta limekaa kama mzee juu ya kigoda chake.

Kipande chake kilipochunguzwa, ilionekana kwamba katika kila sehemu 100, sehemu 90 ni chuma na sehemu 8 au 9 ni nikeli. Kinachobaki ni shaba, fosforasi na salfa kidogo. Chuma cha ardhini hakipatikani hivi. Wazee wa Unyiha na wa Ufipa, waliokuwa wakiyeyusha chuma katika matanuru marefu ya udongo, walilijua jambo hili kuliko sisi. Chuma cha ardhini hukaa kimechanganyika na mawe na kutu, na hakitoki humo ila kwa mkaa mwingi na jasho jingi. Lakini hiki cha Ndolezi kilikuja kikiwa chuma tayari. Kilitoka juu. Kilianguka zamani mno, hata shimo lake limekwisha kufukiwa na kusahauliwa.

Hapa nataka tuelewane. Watu husema "nyota imeanguka". Nyota haianguki. Jua letu ni nyota, nalo ni zito kuliko dunia mara 333,000. Kama nyota moja ingetujia, tusingekuwa na nafasi ya kusimulia. Hivyo tuvionavyo usiku vikipita kama njiti ya kiberiti iliyowashwa ni punje tu, nyingi ndogo kama mchanga, ziwakazo kwa kusuguana na hewa. Tena havitangazi kifo cha mtu mkubwa, kama wengine wasemavyo. Vimondo hupita kila usiku, na kama kila kimoja kingemchukua mkubwa mmoja, wakubwa wangekwisha zamani.

Basi kimondo cha Mbozi si nyota. Ni mali iliyotengenezwa na nyota. Na ili tujue jinsi ilivyotengenezwa, imetupasa kwanza kujua nyota inakula nini.

Chakula cha nyota

Nyota hula gesi iitwayo haidrojeni. Gesi hii ni nyepesi kuliko vitu vyote. Unaijua bila kujua kwamba unaijua, maana maji unayochota kisimani ni haidrojeni iliyoungana na oksijeni. Chembe yake ndogo kabisa, yaani atomu, ina umbo rahisi: katikati kiini kimoja, kiitwacho protoni, na nje yake elektroni moja inayokizunguka. Hakuna kitu cha asili kilicho rahisi zaidi.

Wataalamu walijuaje kilichomo katika nyota, nao hawajafika huko? Wameusoma mwanga wake. Umeona upinde wa mvua jinsi unavyoutenga mwanga wa jua katika rangi zake. Ukiutenga mwanga wa nyota hivyo hivyo kwa kioo, utaona katika rangi zile mistari myeusi myembamba, na kila gesi ina mistari yake, kama kila ng'ombe alivyo na alama yake ya moto. Mmoja wa watu wa kwanza kuifanya kazi hii kwa wingi alikuwa padre, Mjesuiti Angelo Secchi wa Roma. Tangu miaka ya 1860 mpaka alipofariki mwaka 1878 alitazama mwanga wa nyota zaidi ya 4,000 akazigawa katika makundi. Katika kundi lake la kwanza aliweka nyota nyeupe, zile ambazo mistari ya haidrojeni huonekana kwa nguvu.

Lakini haidrojeni ni kiasi gani? Watu wa elimu walidhani kwamba nyota zimefanywa kwa vitu vile vile vya duniani, na kwa kiasi kile kile. Mwaka 1925 mwanamke kijana, Cecilia Payne, mzaliwa wa Uingereza aliyekuwa akisoma Harvard huko Marekani, alifanya hesabu akakuta kwamba nyota ni haidrojeni na heliamu karibu tupu. Bingwa mmoja wa siku hizo, Henry Norris Russell, alimwambia kwamba hayo hayawezekani, naye binti akalazimika kuandika katika kitabu chake kwamba pengine jibu hilo si kweli. Miaka minne baadaye Russell mwenyewe alifika jibu lile lile kwa njia nyingine, akakiri. Wazazi wanaosema kwamba hesabu si kazi ya wasichana na waikumbuke habari hii watakapogawa ada ya shule.

Haidrojeni ikibanwa

Sasa tuingie ndani ya jua. Hapa duniani haidrojeni ni kitu chepesi, hata wazungu wa zamani waliijaza katika maputo makubwa ili yapae. Lakini ndani ya jua mambo ni mengine. Uzito wote wa jua unakandamiza kuelekea katikati, kama magunia ya mahindi ghalani yanavyolilalia gunia la chini, ila huku mkandamizo ni wa kutisha. Katika kitovu cha jua mgandamizo wazidi ule wa hewa ya duniani mara bilioni 250, na joto lafika digrii milioni 15. Kwa joto hilo elektroni hubanduka, viini hubaki uchi, navyo hukimbia huku na huku kwa kasi kubwa wakigongana.

Na bado ni gesi! Hilo ni la ajabu. Ukichota debe moja la lita 20, lile la kupimia mahindi, ukalijaza gesi ya kitovu cha jua, litakuwa na uzito wa tani 3. Dhahabu tupu katika debe hilo hilo haifiki nusu ya tani. Hata hivyo gesi ile haigandi kuwa jiwe, kwa sababu ya joto lake.

Viini viwili vya haidrojeni havipendani. Kila kimoja hukisukuma mwenzake, kama ncha mbili za sumaku zinazokataana. Lakini mara chache sana, katika msongamano ule, viwili hukaribiana mno, na nguvu nyingine, yenye nguvu sana kwa umbali mdogo sana, huvikamata na kuviunganisha. Kisha huongezeka cha tatu, na baada ya hatua kadhaa, viini vinne vya haidrojeni vimekuwa kiini kimoja cha heliamu.

Ndugu msomaji, huu si moto wa kuni. Kuni ikiungua, chembe zake huachana na kujiunga upya na oksijeni ya hewa, lakini kila chembe hubaki ile ile; kaboni iliyokuwa katika mti sasa iko katika moshi na makaa. Katika nyota haidrojeni yenyewe hukoma kuwa haidrojeni. Hugeuka kuwa kitu kingine kabisa.

Tena katika kugeuka huko kitu hupotea. Ukiunganisha kilo 1,000 za haidrojeni, utapata kilo 993 hivi za heliamu. Kilo 7 hazipo. Hazikuibwa, zimekuwa joto na nuru, kama Albert Einstein alivyoonyesha mwaka 1905 kwamba yawezekana. Mwaka 1920 Mwingereza Arthur Eddington alilitaja pengo hilo la uzito akasema kwamba huenda ndilo chakula cha jua. Wakamjibu kwamba nyota hazina joto la kutosha kuviunganisha viini. Naye alikuwa na haki. Hesabu ya hatua zote ilikamilishwa na Hans Bethe mwaka 1939, naye akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1967.

Kabla ya hapo jua lilikuwa fumbo. Kama lingekuwa mkaa mtupu, lingekwisha kwa miaka elfu chache. Lakini vimondo vyashuhudia kwamba jua limewaka miaka bilioni 4.6, na haidrojeni iliyobaki katika kitovu yatosha miaka kama bilioni 5 mingine. Kila sekunde moja, muda wa kusema "Amina", jua hugeuza tani milioni 600 za haidrojeni. Tani milioni 4 kati ya hizo huondoka zikiwa nuru.

Upole wa jua

Labda sasa unafikiri kwamba kitovu cha jua ni tanuru kali linalowaka kwa hasira. Nilifikiri nawe utafikiri hivyo, maana wengi tunafikiri hivyo. Basi sikiliza. Lile debe letu la tani 3 hutoa joto kiasi gani? Hutoa kama wati 5 au 6. Ni sawa na taa moja ndogo ya sola, ile unayoning'iniza jikoni! Wewe mwenyewe, ukikaa kimya barazani, mwili wako hutoa joto la wati 100 hivi. Kilo kwa kilo, mtu aliye hai hutoa joto kuliko jua mara elfu kadhaa. Lundo la samadi linalochemka nyuma ya zizi, ukipima ujazo kwa ujazo, liko karibu sawa na kitovu cha jua.

Jua hutuchoma kwa sababu ya ukubwa wake. Madebe yake hayahesabiki.

Na kwa nini ni la polepole hivyo? Kwa sababu kuungana kule ni kwa nadra mno. Protoni moja katika kitovu cha jua hugongana na wenzake mara zisizo na idadi kila sekunde, na bado, kwa wastani, hungoja mabilioni ya miaka kabla haijafaulu kuungana. Laiti ingekuwa rahisi, jua lingekwisha kuungua zamani, kabla hata ya jani la kwanza kuota duniani.

Kuna jambo jingine la kulizuia. Akina mama wanajua jinsi kifuniko cha sufuria ya maharagwe kinavyoinuka chenyewe mvuke ukizidi, kikatoa kidogo, kikarudi. Jua nalo lina kifuniko chake, nao ni uzito wake lenyewe. Kitovu kikipata joto kupita kiasi, hutanuka; kikitanuka, hupoa; kikipoa, moto hupungua. Kikipoa mno, uzito hukibana tena, na joto hurudi. Ndiyo sababu jua la kesho litakuwa kama la jana, na mkulima wa kahawa aweza kupanga kazi yake.

Nuru yenyewe haina haraka. Kutoka kitovuni mpaka usoni pa jua huhangaika makumi ya maelfu ya miaka au zaidi, ikigongwa na kurudishwa. Kisha, ikishatoka, hufika Mbozi kwa dakika 8 na sekunde 20.

Mwanadamu alipojaribu kuiga kazi hii, hakuanza na upole. Tarehe 1 Novemba 1952 Wamarekani walilipua bomu lao la kwanza la haidrojeni katika visiwa vya Marshall, na kisiwa kizima kikatoweka. Tarehe 30 Oktoba 1961 Warusi walilipua lililo kubwa kuliko yote, huko Novaya Zemlya, lenye nguvu ya tani milioni 50 za baruti kali. Bomu halina kifuniko. Hapo ndipo lilipotofautiana na jua. Baba Mtakatifu Yohane XXIII aliandika mwaka 1963 akiyataka mataifa yaziache silaha hizo, na mpaka leo mataifa kadhaa bado wanazo. Wapo wengine wanaoutafuta moto huo kwa ajili ya umeme wa amani. Mwezi wa Desemba 2022, huko California, walifaulu mara ya kwanza kupata katika punje ya haidrojeni nzito nguvu nyingi kuliko ile ya miali iliyoipiga. Lakini mashine nzima ilikula umeme mwingi zaidi kuliko uliopatikana, na kwa hiyo usitupe kuni zako bado.

Wasomaji wa upande wa ziwa Rukwa watauliza: je, heliamu iliyotangazwa mwaka 2016 na wataalamu wa Oxford na Durham, ile ya bonde letu la Rukwa, imetoka katika jua? Hapana. Hiyo imezaliwa ndani ya dunia, polepole, katika mawe ya kale yenye urani na thori, ambayo huoza na kutoa heliamu. Gesi ni ile ile, lakini tumbo lililoizaa ni jingine.

Kutoka heliamu mpaka chuma

Jua letu ni dogo, halitafika kwenye chuma. Litageuza haidrojeni kuwa heliamu, na mwishoni heliamu kuwa kaboni na oksijeni, kisha litapoa. Lakini ziko nyota zenye uzito wa jua mara kumi, ishirini na zaidi. Hizo hubana zaidi, huchemka zaidi, nazo hula kwa pupa. Chukua nyota yenye uzito wa jua mara 25. Kwa hesabu za wataalamu, haidrojeni ya kitovu humchukua miaka milioni 7 hivi. Heliamu huishia chini ya miaka milioni 1. Kisha huunguza kaboni kwa miaka 600 tu, halafu neoni kwa mwaka mmoja, oksijeni kwa miezi 6 hivi. Mwisho huunguza silikoni, kwa joto la digrii bilioni 3, na majivu ya silikoni ni chuma. Hiyo humalizika kwa siku moja hivi.

Fikiri, miaka milioni 7 kula chakula cha kwanza, na siku moja kula cha mwisho! Wakati huo nyota iko kama kitunguu, tabaka juu ya tabaka: haidrojeni nje, chuma katikati.

Na chuma hakiungui. Katika kila hatua ya nyuma, kuunganisha viini kulitoa joto. Lakini kiini cha chuma kimefungamana kwa nguvu kuliko karibu vyote. Ukitaka kukiunganisha na kingine, hupati joto, bali unalipa. Nyota iliyofika kwenye chuma ni kama mama aliyekoleza meko mpaka likabaki jivu tupu. Joto lililokuwa likiushikilia uzito wote ule halipo tena. Kitovu huporomoka kwa muda usiofika sekunde moja, na tabaka za nje hurushwa angani kwa mlipuko mkubwa.

Haya si hadithi za kubuni. Mwezi wa Februari 1987 nyota moja ililipuka hivyo katika lile wingu la nyota tulionalo upande wa kusini, na watu wa nchi za kusini mwa dunia waliiona kwa macho matupu. Saa chache kabla mwanga haujaonekana, tangi kubwa la maji lililowekwa ndani ya mgodi huko Kamioka, Japani, lilinasa vijipunje 11 viitwavyo nutrino vilivyotoka katika kitovu kile kikiporomoka. Baadaye wataalamu walipima mwanga uliokuwa ukififia, wakakuta kwamba mlipuko ulitoa nikeli ya namna isiyodumu, ambayo huoza ikawa kobalti, na kobalti ikawa chuma. Chuma kipya chote kilikuwa na uzito wa dunia yetu zaidi ya mara 20,000. Nyota nyingine, zile ndogo zilizokwisha kufa, nazo hulipuka kwa njia yao, na hizo hutoa chuma kingi zaidi.

Chuma hicho hutawanyika kama vumbi, huchanganyika na haidrojeni mpya, na kutoka katika wingu hilo huzaliwa nyota nyingine pamoja na sayari zake. Ndivyo jua letu na dunia yetu vilivyopata chuma. Magimba mengine madogo ya mwanzo yaliyeyuka kwa joto, na chuma kikazama ndani yake kwa sababu ya uzito, kikapoa polepole mno. Kisha yakagongana yakavunjika. Kipande kimoja kikazunguka angani kwa muda mrefu usiokadirika, mpaka kikaangukia Marengi.

Kwa hiyo ukiweka mkono wako juu ya kimondo cha Ndolezi, umegusa majivu ya haidrojeni. Wala usidhani ni kule tu. Jembe lako ni lile lile. Damu yako ni nyekundu kwa sababu ya chuma, gramu 3 au 4 kwa mtu mzima, na mama mjamzito apewapo vidonge vya kuongeza damu zahanati anapewa kitu kilichopikwa katika nyota kabla jua halijawaka. Kila Jumatano ya Majivu padre hutupaka jivu na kutukumbusha tulivyo mavumbi. Wataalamu wa nyota nao, bila kukusudia, wamefika karibu na mlango huo huo.

Swali la wazazi

Hapa najua mzazi mmoja amekunja uso. Mtoto wake amerudi kutoka sekondari akisema kwamba ulimwengu una mabilioni ya miaka na kwamba yeye ametokana na nyota, na mzazi anaogopa. Je, mtoto huyu atarudi kanisani Jumapili? Au amfungie vitabu?

Hofu hiyo naiheshimu, maana nimeona vijana walioacha imani kwa kudhani kwamba shule imewapa amri ya kuiacha. Nimeona pia vijana waliokatazwa kuuliza, nao wakaondoka vile vile, kwa hasira zaidi. Nadhani hao wa pili ndio wengi.

Basi mwambie mtoto habari za Padre Georges Lemaître. Alizaliwa Charleroi, Ubelgiji, mwaka 1894, akapigana vita vya kwanza vya dunia akiwa askari, akapata upadre mwaka 1923. Yeye pia alikuwa bingwa wa hesabu, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Louvain. Mwaka 1927 alionyesha kwa hesabu kwamba ulimwengu unatanuka, na mwaka 1931 akaeleza kwamba hapo mwanzo vyote vilikuwa vimebanwa mahali padogo mno. Leo wataalamu wanakubali kwamba haidrojeni yote ya ulimwengu ni masalio ya mwanzo huo, na kwamba sehemu kubwa ya heliamu ilipikwa katika dakika chache za kwanza. Kwa hiyo chakula cha nyota zote kina historia, na aliyetuonyesha njia ya kuisoma alikuwa anaadhimisha misa.

Sasa sikiliza sehemu ambayo wengi hawaijui. Mwezi wa Novemba 1951 Baba Mtakatifu Pius XII alitoa hotuba akaifurahia elimu hiyo mpya, hata ikaonekana kama anaiweka kuwa shahidi wa uumbaji. Ungedhani Padre Lemaître alishangilia. Hakushangilia. Aliona wasiwasi, na inajulikana kwamba alitaka jambo hilo lisiendelezwe. Kwa mawazo yake, hesabu zake zilikuwa hesabu. Kesho zaweza kusahihishwa, na imani ya watu isitundikwe juu ya kigingi kinachoweza kung'olewa. Elimu ya nyota ilikuwa na njia yake, na wokovu wa roho una njia yake, naye alizitembea zote mbili maisha yake yote bila kuzichanganya. Na Kanisa halikumtupa: tangu 1960 mpaka kufa kwake alikuwa mkuu wa Chuo cha Kipapa cha Sayansi. Vatikano yenyewe ina kituo chake cha kuchunguza nyota, alichokianzisha upya Papa Leo XIII mwaka 1891, na humo yamo makusanyo ya vimondo.

Lemaître alifariki mwezi wa Juni 1966. Siku chache kabla, akiwa mgonjwa, alipata habari kwamba mabaki ya joto la ule mwanzo yamepimwa angani na Wamarekani wawili.

Itazame mwenyewe

Ukitaka kuona kwa macho yako nyota iliyomaliza haidrojeni ya kitovu chake, hakuna ada wala kibali. Ngoja usiku wa Januari mawingu yakitawanyika, saa mbili hivi, usimame uani ukielekea mashariki. Tafuta nyota tatu zilizopangana mstari mmoja, karibu karibu. Kulia kwake, upande wa kusini, iko nyota nyeupe yenye kung'aa. Kushoto, upande wa kaskazini, iko nyingine yenye wekundu kama kaa la moto. Hiyo ndiyo Betelgeuse. Uzito wake wazidi wa jua zaidi ya mara kumi, nayo imevimba hata ingewekwa mahali pa jua letu ingeimeza dunia. Haidrojeni ya kitovu imekwisha, sasa inakula heliamu.

Mwishoni mwa 2019 na mwanzoni mwa 2020 ilififia ghafula, na wengi wakadhani saa yake imefika. Ilikuwa vumbi tu lililotoka kwake lenyewe na kuifunika. Wataalamu hufikiri kwamba italipuka katika muda wa miaka 100,000 ijayo. Yaweza kuwa mwishoni mwa muda huo, yaweza kuwa mwaka huu. Nuru yake huchukua zaidi ya miaka 400 kutufikia, hivyo hata kama imekwisha kulipuka, mtu anayeitazama leo akiwa Ruanda bado ataiona nyekundu mahali pake.